Gari dogo lililobadilishiwa betri na kufanyiwa oveholi ya stata bila kupona

Gari lenyewe ni dogo, la milango mitatu, lina injini ya petroli ya silinda nne yenye ujazo wa cc 1,000 hivi, kabureta na gia za mkono, na umri wake umepita miaka 25. Lilipofika lilikuwa limeshabadilishiwa betri mara mbili, na stata, yaani mota inayozungusha injini ili iwake, ilikuwa imefunguliwa na kufanyiwa oveholi. Malalamiko yalikuwa mawili, ingawa mwenye gari aliyaeleza kama moja. Ukipiga stata, injini inazunguka kwa uvivu, au inasikika "ka!" mara moja kisha kimya. Na gari likilala siku tatu nne bila kuwashwa, betri haina moto kabisa.

Nakieleza kisa hiki kwa kirefu kwa sababu betri ya kwanza haikuwa mbovu, stata nayo haikuwa mbovu, na bado kila kilipobadilishwa kitu gari lilipona kwa muda. Kupona huko kwa muda ndiko kulikowapotosha wote walioligusa. Mtu akishalipa mara tatu na kujikuta palepale, huanza kuamini kwamba gari kuukuu haliponi. Huliuza kwa hasara au huliacha liozee pembeni, ilhali ubaya uko mahali ambapo hakuna aliyepapima. Jambo hilo huniuma kila ninapoliona.

Kabla ya kushika spana

Nilianza kwa kuuliza.

"Mama, kabla halijaanza kugoma, gia boksi iliwahi kushushwa?"

"Ilishushwa, fundi. Klachi ilikuwa imekwisha."

Swali hilo huwa siliachi. Anayeshusha gia boksi hufungua stata, hufungua baadhi ya mabano yanayoshika injini, na hufungua waya wa ethi, yaani ule waya mnene unaounganisha injini au gia boksi na bodi ya gari. Injini imekalia raba, na raba haipitishi umeme. Bila waya huo, umeme ulioingia kwenye stata hauna njia halali ya kurudi kwenye betri.

Akataja pia jambo ambalo yeye alilihesabu kuwa tatizo jingine kabisa: pedali ya mafuta ilikuwa imekuwa ngumu, kebo yake ikabadilishwa, na ile ya zamani ilipochomolewa, plastiki ya ndani ilionekana imeyeyuka. Halafu kuna taa nyekundu ya betri kwenye dashibodi. Usiku, alisema, inaonekana kama inamulika kwa mbali sana hata ufunguo ukiwa umeshatolewa. Alidhani ni mwanga wa nje unaoakisiwa na kioo.

Mlio nao una habari yake. Stata ikilia "tatatata" mfululizo, mara nyingi betri iko chini: solenoidi, yaani swichi ya sumaku ya stata, inavuta, mkondo mkubwa unaanza kutoka, volti zinaporomoka, solenoidi inaachia, volti zinarudi, inavuta tena. Mlio mmoja mzito kisha kimya maana yake solenoidi imevuta na imeshikilia, lakini mota haizunguki. Huenda shaba za ndani ya solenoidi zimeliwa, huenda brashi, vile vipande vya kaboni vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka, zimekwisha, au huenda umeme mkubwa unazuiwa njiani. Pasipo mlio wowote, tafuta kwenye swichi ya ufunguo, kwenye rilei, au kwenye ule waya mwembamba unaoipa solenoidi amri.

Gari hili lilikuwa la mlio mmoja, na ndiyo maana stata ilishukiwa. Shaka hiyo ilikuwa halali. Ila dalili hiyo ina majibu matatu, na waliotangulia waliangalia mawili yaliyo ndani ya stata wakaliacha la njiani.

Betri kwanza, maana vipimo vyote vinaitegemea

Betri ya gari ina seli sita za risasi na asidi, kila moja ikitoa volti 2.1 hivi. Teknolojia yake ni ileile iliyobuniwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859. Ikiwa imejaa na imetulia saa kadhaa bila kuchajiwa wala kutumika, inasoma volti 12.6 hadi 12.7. Ikisoma 12.4 imebaki robo tatu hivi, 12.2 ni nusu, 12.0 ni robo, na 11.8 ni kama tupu. Watu wengi wakiona 12 kwenye multimita, kile kipimo cha umeme, wanaridhika, kwa kuwa betri imeandikwa volti 12. Volti 12 kamili ni betri iliyokwisha robo tatu ya chaji yake.

Ya gari hili, ya ampea-saa 36, ilisoma 12.31 asubuhi. Katika hali hiyo huwezi kuihukumu. Ikishindwa kuzungusha injini, hujui kama imeshindwa kwa ubovu au kwa kukosa chaji. Nikaitoa, kwa kuanza na kibano cha hasi, maana ukianza na chanya spana ikigusa bodi ni shoti ya moja kwa moja. Ikachajiwa polepole usiku kucha mahali penye hewa. Betri inayochajiwa hutoa haidrojeni, na cheche moja inatosha kuilipua. Baada ya kupumzika ilisoma 12.64. Haidromita, kifaa cha kupimia uzito wa asidi, ikatoa 1.265 kwenye seli tano na 1.250 kwenye moja. Tofauti inayoitia betri mashakani ni 0.050 kati ya seli na seli, kwa hiyo hii ilipita.

Usiruke hatua hii hata kama una haraka. Vipimo vyote vinavyofuata vinafanyika stata ikiwa inavuta, na kama betri haijajaa, kila namba utakayoisoma itakuwa na maana mbili.

Betri haikuhisi uzito

Gari likawekwa huru, breki ya mkono ikavutwa, waya mwembamba unaopeleka umeme kwenye koili ukachomolewa ili injini isiwake. Ncha za multimita niliziweka juu ya vichwa vya betri vyenyewe, kwenye risasi, si kwenye vibano. Msaidizi akapiga stata kwa sekunde chache.

Injini ilizunguka kwa uvivu uleule uliolalamikiwa. Multimita ikasoma 11.2.

Mtu asiyezoea angeifurahia namba hiyo. Mimi ilinistua, kwa sababu ni nzuri kupita kiasi. Betri nzima inapozungusha injini ndogo hushuka hadi volti 10 na kitu. Kikomo kinachotumika sana ni 9.6, na ni chini ya hapo ndipo betri hushukiwa. Hii ilishuka kidogo mno. Kama betri ingekuwa mbovu, volti zingeporomoka. Kama stata ingekuwa imekwama au ina shoti ndani, ingevuta mkondo mwingi kupita kawaida na volti zingeporomoka vilevile. Hapa injini inajikokota huku betri haihisi uzito wowote. Maana yake mkondo wenyewe hautoki wa kutosha. Kuna kitu kinauzuia. Kwa upande wa stata ulibaki uwezekano wa aina moja tu, brashi au shaba za solenoidi zisizogusa vizuri, na hilo hujibiwa na kipimo kinachofuata.

Ncha moja nikaiweka kwenye boliti nene ya stata, pale unapofika waya mkubwa kutoka betri, nyingine kwenye mwili wa stata. Stata ikapigwa: 8.2. Betri inatoa 11.2, stata inapokea 8.2. Volti tatu zimepotea njiani, na stata inayolishwa volti 8 haiwezi kulaumiwa kwa uvivu.

Zimepotelea upande gani? Ncha moja kwenye kichwa cha chanya, nyingine kwenye ile boliti nene ya stata, stata ikapigwa: 0.31. Kwa upande wa chanya kikomo ni nusu volti, kwa hiyo huku kunavumilika. Kisha ncha moja kwenye kichwa cha hasi na nyingine kwenye mwili wa stata: 2.69. Upande huu haupaswi kuzidi 0.2.

Jumlisha 0.31, 8.2 na 2.69: unapata 11.2 kamili. Ni kama kufunga hesabu za daftari la duka: kilichotoka lazima kionekane kimekwenda wapi. Gustav Kirchhoff aliiandika kanuni hiyo mwaka 1845, na ndiyo inayonifanya niviamini vipimo hivi kuliko sikio au uzoefu. Hesabu ikikataa kufunga, kuna ncha iliyowekwa vibaya, na unarudia kupima kabla ya kufungua kitu chochote.

Nikaugawanya upande wa hasi vipande vipande, kila mara stata ikipigwa kidogo na kupumzishwa. Kutoka kichwa cha betri hadi kibano chake: 0.02. Kibano hadi bodi: 0.04. Bodi hadi mwili wa injini: 2.60. Injini hadi mwili wa stata: 0.03.

Hapo hapakubaki cha kukisia. Kati ya bodi na injini kuna kitu kimoja tu, waya wa ethi.

Waya uliopimwa ukaonekana mzima

Waya huo ulikuwa umeshapimwa na mtu mwingine. Aliweka multimita kwenye mlio, ikapiga "piii", akauhesabu mzima. Hakufanya uzembe, kipimo chenyewe ndicho kisichofaa kwa kazi hii. Tuchukue kwamba stata ilikuwa inavuta ampea 100 hivi. Kupoteza volti 2.6 kwa mkondo huo ni ukinzani wa omu 0.026. Ncha za multimita peke yake zina ukinzani mkubwa kuliko huo. Tena multimita inapopima ukinzani hupitisha mkondo mdogo sana, wa miliampea, na uzi mmoja wa shaba uliobaki unatosha kuupitisha bila shida. Mlio ule unakwambia kwamba njia ipo. Haukwambii ina upana gani. Waya wa stata, wa ethi au wa altaneta (mashine inayozalisha umeme injini ikizunguka) hupimwa ukiwa umebeba mkondo wake halisi, kwa kusoma volti zinazopotea kati ya mwisho mmoja na mwingine.

Chini ya gari hali ilijieleza. Waya wa ethi wa gari hili ni ule wa kusukwa, bapa, umefungwa kwenye gia boksi karibu na stata na mwisho wake wa pili kwenye fremu. Ulikuwa umelowa oili, nyuzi nyingi zimegeuka kijani na kukatika, na upande wa fremu boliti ilikuwa imefungwa juu ya rangi. Inaelekea baada ya kazi ya klachi mtu alipaka rangi eneo lile ili kuzuia kutu, kisha akafunga waya juu yake. Nia ilikuwa njema, ila rangi haipitishi umeme. Kilichokuwa kinafanya kazi ni nyuzi za boliti zilizoikwaruza rangi kidogo.

Hapa kebo ya mafuta inapata maelezo yake. Kebo hiyo ni chuma, inatoka kwenye pedali iliyofungwa kwenye bodi na kwenda kwenye kabureta iliyofungwa kwenye injini. Njia halali ilipozibwa, sehemu ya mkondo wa stata ilirudi kupitia kebo. Waya mwembamba wa chuma ukipitishwa makumi ya ampea huwa moto, na plastiki yake ya ndani huyeyuka. Kebo ya klachi au ya choki hupatwa na jambo lilelile kwenye magari ya namna hii. Ukisikia kebo imekuwa ngumu ghafla kwenye gari linalosumbua kuwaka, nenda moja kwa moja kwenye waya wa ethi.

Kupona kwa muda nako kunaeleweka. Betri mpya iliyojaa ina nguvu ya kusukuma mkondo hata kwenye njia iliyobanwa, hadi chaji yake iliposhuka. Na kwa kuwa waya umefungwa jirani na stata, aliyeitoa stata kwa ajili ya oveholi aliulegeza na kuukaza tena, mgusano ukasafishika kidogo, gari likawaka vizuri wiki kadhaa, sifa zikaenda kwa oveholi.

Waya mpya ukafungwa. Kazi yenyewe ni ndogo: kusugua chuma kwa msasa hadi king'ae pande zote mbili, kuweka washa yenye meno, kukaza, kisha kupaka grisi juu ya kila kitu baada ya kukaza, si kabla. Stata ikapigwa tena. Vichwa vya betri vikasoma 10.5, yaani chini kuliko mwanzo, na ndivyo inavyotakiwa: sasa mkondo unatoka. Stata ikapata 9.89, upande wa chanya ukapoteza 0.43, wa hasi 0.18. Injini ilizunguka kwa kasi ambayo mwenye gari alisema hajaisikia siku nyingi.

Asiyekuwa na multimita anaweza kuufikia ukweli huu kwa waya wa kuazimia chaji. Funga upande mmoja kwenye kichwa cha hasi cha betri na mwingine kwenye chuma kitupu cha injini, mbali na mkanda na feni, kisha piga stata. Injini ikizinduka, waya wa ethi ndio mgonjwa. Jaribio hilo huchukua dakika chache na halifungui boliti hata moja.

Chaji ilikuwa inapotelea palepale

Kabla ya kuubadilisha waya huo niliwasha gari na kupima chaji, kwa makusudi, ili nione ubovu uleule unafanya nini upande wa pili. Altaneta nayo imefungwa kwenye injini. Mkondo wake unatoka kwa waya mnene wa chanya, unachaji betri na kuwasha taa, kisha unarudi kwake kupitia bodi na waya wa ethi uleule. Ni ajabu jinsi jambo hili linavyosahaulika: tatizo la kuwaka na tatizo la kuchaji hutafutwa mahali pawili tofauti, na huku njia ya kurudi ni moja.

Injini ikiwa kwenye mizunguko 2,000 hivi, bila taa wala feni, altaneta ilitoa 14.3 ikipimwa kwenye boliti yake na mwili wake, na vichwa vya betri vikasoma 14.0. Mtu angeishia hapo, angesema chaji ni nzuri. Nikawasha taa kubwa, feni ya ndani na nyaya za kupasha kioo cha nyuma. Altaneta ikabaki 14.2. Vichwa vya betri vikashuka hadi 13.3. Upande wa chanya ulipoteza 0.15 na wa hasi 0.75, hesabu ikafunga tena.

Volti 0.9 inaonekana kitu kidogo. Kwa betri ya risasi ni kikubwa mno. Inataka 13.8 hadi 14.5 ili ijae, ikipewa 13.3 safari fupi za usiku haziirudishii hata kile ilichotumia kuwasha gari. Inaishi nusu tupu, na bamba zake zinaota fuwele za salfeti zinazokuwa ngumu kadiri siku zinavyopita. Betri zilizotangulia zilihukumiwa kwa sababu hii, na hii ya sasa ilikuwa njiani. Baada ya waya mpya, taa na feni vikiwa vimewashwa, vichwa vya betri vilisoma 14.05. Mkanda wa altaneta niliuangalia pia: ulikuwa mkavu, hauna nyufa, ukiubonyeza katikati unashuka kama milimita 10. Nikauacha.

Niseme jambo moja kwa msisitizo. Ipo tabia ya kupima altaneta kwa kuchomoa kibano cha betri injini ikiwa inazunguka. Gari lisipozima, altaneta inasemwa ni nzima. Tafadhali usifanye hivyo kwa gari lolote lenye altaneta. Betri ndiyo inayotuliza volti za mfumo. Ukiiondoa ghafla, volti za altaneta huruka juu sana kwa muda mfupi, na mruko huo unaweza kuua daiodi (zinazopitisha umeme upande mmoja tu), rigileta (inayodhibiti volti za altaneta), na kompyuta ya injini kwa gari lenye kompyuta. Na jibu unalopata halina thamani: altaneta yenye daiodi mbovu inaweza kuendelea kuiwasha injini hata hivyo. Multimita kwenye vichwa vya betri, taa zikiwa zimewashwa, inakupa jibu bora bila hatari yoyote.

Kinachovuja usiku

Stata ilikuwa imeshapona na chaji imerudi. Ningelikabidhi gari hapo, lingewaka vizuri kila asubuhi mpaka siku ambayo lingelala siku nne, na kila mtu angesema waya wa ethi haukuwa tatizo. Malalamiko ya pili yalikuwa bado hayajajibiwa, maana waya mbovu wa ethi haumalizi betri ya gari lililozimwa.

Kupima kinachovuja, multimita huwekwa katikati ya kichwa cha hasi na kibano chake, ncha nyekundu ikiwa kwenye tundu la ampea 10. Kila kitu kizimwe, milango ifungwe au swichi zake zibonyezwe, na mtu yeyote asiguse ufunguo. Ukipiga stata katika hali hiyo, fyuzi ya multimita inakufa papo hapo. Gari la namna hii, lenye saa ya redio tu, halipaswi kuvuta zaidi ya ampea 0.05. Hili lilivuta 0.38.

Kwa saa 24 hiyo ni ampea-saa 9 na kidogo. Betri ni ya 36. Siku nne inakuwa tupu, sawasawa na maneno ya mwenye gari.

Nikachomoa fyuzi moja moja huku nikitazama namba. Haikushuka kwa kiasi cha maana. Kilichobaki ni vile ambavyo kwenye gari hili havipiti kwenye fyuzi: waya mkubwa wa stata na waya mnene wa altaneta. Nikafungua kibano cha hasi kabisa, nikauondoa waya wa altaneta na kuuzungushia tepu, nikarudisha multimita. 0.02. Mvujaji alikuwa altaneta.

Taa iliyomulika ufunguo ukiwa nje ilikuwa imeshatuonyesha njia. Ndani ya altaneta hii zimo daiodi kubwa sita, tatu upande wa chanya na tatu upande wa hasi, pamoja na ndogo tatu zinazoilisha rota, yaani sehemu yake inayozunguka. Kazi ya zile kubwa za chanya ni kuuruhusu umeme kwenda kwenye betri na kuuzuia usirudi. Moja ikianza kuvuja, umeme wa betri unarudi nyuma, unaingia kwenye nyaya za ndani, unapita kwenye daiodi ndogo, unafika kwenye rota kupitia rigileta na kuishia kwenye mwili wa injini. Pale mahali pa kuilishia rota ndipo panapoungwa pia taa ya dashibodi. Pakiwa na volti kidogo wakati ufunguo umetolewa, taa inapata umeme kwa mlango wa nyuma na kumulika kwa unyonge, kiasi cha kuonekana gizani tu.

Nikathibitisha kwa kipimo kingine. Injini ikizunguka na taa zikiwaka, multimita ikawekwa kwenye volti za AC, yaani umeme wa kwenda na kurudi, juu ya betri: 0.62. Altaneta nzima haitoi mawimbi ya kiasi hicho. Yakizidi nusu volti, daiodi zitazamwe. Altaneta ikafunguliwa, bamba la daiodi likabadilishwa, na kwa kuwa ilikuwa imeshafunguliwa, brashi zilizobaki fupi zikabadilishwa pia. Baada ya hapo mawimbi yalisoma 0.05, na mvujo wa gari lililozimwa ukawa ampea 0.02.

Waya wa ethi na daiodi vilikuwa vinafunikana. Daiodi iliimaliza betri gari likiwa limelala, waya ukaizuia isijae gari likitembea, na asubuhi stata ililipa deni la vyote viwili. Aliyebadilisha betri aliliahirisha deni hilo.

Betri ilibaki ileile na stata haikuguswa. Kitu kimoja sikukibadilisha siku hiyo, nikamwambia mwenye gari akiangalie: waya mkubwa wa chanya wa kwenda kwenye stata. Sasa stata inapovuta mkondo wake kamili, upande huo unapoteza 0.43, karibu na kikomo. Ganda lake limeanza kukakamaa upande wa stata, na pale linapoishia shaba inaonekana kijani. Utakapobadilishwa, unene wake usipungue ule wa kiwandani, na vichwa vyake vibanwe kwa mashine ya kubania, visipigwe nyundo. Hadi wakati huo upimwe tena kila gari linapokwenda kubadilishwa oili, stata ikiwa inapigwa. Ukisoma zaidi ya 0.5 uondolewe, hata kama gari bado linawaka vizuri.